Askari Ajuaye Moyo Wake

Katika ofisi ya parokia hapa Mollo huja watu wenye haja nyingi. Mmoja ataka cheti cha ubatizo, mwingine ataka kuandikisha ndoa, wa tatu ataka barua ya kumshuhudia kuwa ni mtu wa tabia njema. Majuzi alikuja kijana wa kigango chetu kimojawapo, mrefu, mwenye kifua kipana, aliyemaliza kidato cha nne.

"Shikamoo, karani."

"Marahaba. Karibu kiti."

"Nataka barua. Nataka kupeleka maombi ya polisi, niende Moshi."

Vyeti vyake vilikuwa tayari vyote, na afya yake hata kipofu angeiona. Basi nikamwuliza neno moja tu: "Siku utakapokuwa umevaa sare, na mlevi akamtukana mama yako mbele ya watu mnadani, utafanya nini?"

Akacheka. "Nitamnyoosha, karani. Si ndiyo kazi yenyewe?"

Barua yake sikuiandika siku ile. Nilimwambia arudi Jumamosi, nami usiku nikakaa nikiwaza. Maana mtoto yule si mtoto mbaya. Huimba kwaya, humsaidia baba yake kulima, wala hanywi pombe. Lakini jibu lile lilinikumbusha Nyololo.

Labda wewe umesahau Nyololo. Ni kijiji cha wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa. Tarehe 2 Septemba 2012 chama kimoja cha siasa kilikuwa kikifungua tawi, na polisi walikuwa wamekataza mkusanyiko. Mwandishi wa habari Daudi Mwangosi, wa televisheni ya Channel Ten, alikuwapo kazini kwake. Askari walimzingira, wakampiga. Kisha bomu la machozi likafyatuliwa karibu kabisa na mwili wake, akafa papo hapo. Picha zilipigwa, nchi nzima ikaziona. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu konstebo mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia.

Tafakari, msomaji. Mke alibaki mjane, na upande wa pili mzazi mwingine alimwona mtoto wake, askari kijana, akipelekwa gerezani. Mimi sikuwapo, wala siwezi kusema ni nini kilichokuwa ndani ya moyo wa konstebo yule dakika ile. Lakini silaha alikuwa amefundishwa kuitumia. Je, moyo wake alikuwa amefundishwa kuutawala?

Jambo hili lina jina siku hizi. Wataalamu huliita akili ya hisia. Mwaka 1990 wanachuoni wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliandika kwamba kuna akili nyingine mbali na ile ya hesabu na kusoma: akili ya kutambua hisia zako mwenyewe na za mwenzako, kuzipambanua, na kuzitumia zikuongoze katika kufikiri na kutenda. Wazee wetu wa Ufipa waliijua bila jina. Aliyekuwa nayo ndiye aliyeitwa kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba, hata kama hakujua kuandika jina lake.

Kwa nini askari aihitaji kuliko mkulima? Kwa sababu ya mwili wenyewe. Mtu akiona hatari, moyo hupiga mbio, damu hukimbilia misuli mikubwa, pumzi huwa fupi. Macho huona kile kilicho mbele tu, kama mtu achunguliaye kwa bomba. Masikio hupungua kusikia. Vidole hupoteza ustadi wake. Mungu alituumba hivyo ili tumkimbie simba. Lakini mwili haupambanui simba na mlevi atukanaye. Mkulima akipatwa na hali hiyo, ubaya wake huishia katika kutupa jembe na kwenda zake. Askari ana bunduki begani.

Hata Mtume Petro yalimpata. Usiku ule wa Getsemani alikuwa ametoka usingizini, ana hofu, ana upanga, na mbele yake kundi lenye mienge. Sikio la Malko likaenda. Bwana wetu aliliponya sikio, akamwambia Petro arudishe upanga mahali pake. Mara nyingi twahubiriwa habari ya upanga. Mimi hujiuliza habari ya usingizi. Askari aliyekesha lindo siku mbili, aliyeokota maiti za ajali ya basi juzi, ambaye mtoto wake ni mgonjwa kwenye chumba cha kupanga, naye akaambiwa aende akatulize umati: huyo naye ni mtoto wa mtu, na amechoka.

Lakini tusimtetee kupita kiasi. Nitakuambia niliyoyaona mwenyewe, katika kituo kimoja ambacho sitakitaja. Nilimsindikiza mama mmoja na binti yake mdogo wa shule, aliyetendewa uovu na mtu wa jirani. Tulisimama kaunta. Mbele yetu walikuwapo watu wa kesi ya mbuzi, na vijana wa bodaboda waliokamatwa. Askari aliuliza kwa sauti kubwa, kalamu mkononi: "Haya, sema, alikufanya nini?" Mtoto alitazama sakafu. Akaulizwa tena, kwa ukali zaidi, maana foleni ilikuwa ndefu. Vijana wakageuka kusikiliza. Mtoto hakusema neno. Mama akamshika mkono, wakatoka, na mpaka leo shauri lile halijasikilizwa na hakimu. Askari yule hakumpiga mtu, hakuomba rushwa, na huenda alirudi nyumbani akidhani ametimiza kazi. Naye mwovu yule nakutana naye barabarani, anisalimu.

Ni kwa watu wa namna hiyo Jeshi la Polisi lilianzisha Dawati la Jinsia na Watoto. Madawati hayo sasa yamezidi 400 katika nchi, na mahali pazuri yana chumba cha pembeni, mlango wa kufunga, na mara nyingi askari wa kike aliyefundishwa kusikiliza. Mtoto huketishwa, hupewa maji, huachwa apumzike, ndipo huulizwa. Waona, hicho ndicho tunachokizungumza. Askari atambuaye aibu ya mtoto hupata ushahidi, asiyeitambua huupoteza. Basi ukifika kituoni na shauri la mtoto au la kupigwa nyumbani, usianze kueleza kaunta. Sema kwa adabu, "Naomba dawati la jinsia." Ni haki yako kuomba.

Yafaa tukumbuke pia tulikotoka. Polisi ya nchi hii ilianzishwa na Waingereza mwaka 1919, makao yake ya kwanza Lushoto. Haikuanzishwa ili kumsikiliza babu yako. Ilikuwa kulinda serikali ya wageni, na askari alipoonekana kijijini watu walijua kuna kodi au kuna kukamatwa. Desturi hufa polepole. Mwaka 2006 IGP Said Mwema alianza kueneza Polisi Jamii, yaani polisi na raia kushirikiana. Baadaye zikaletwa kata zetu zipate mkaguzi wake. Na mwezi wa Julai 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilimkabidhi Rais taarifa yake. Tume ilisikia malalamiko mengi juu ya vitisho na matumizi ya nguvu, ikashauri hata jina libadilike, pasiwe Jeshi bali Huduma ya Polisi. Jina peke yake halimbadilishi mtu, lakini naona waliochagua neno lile walijua wanagusa nini. Kisha ikaja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, na watu wakauawa katika ghasia mijini. Ikaundwa tume ya kuchunguza. Wengi wenu mna ndugu huko mijini, hamhitaji karani awasimulie.

Je, moyo waweza kufundishwa darasani? Wengine husema la, mtu huzaliwa nao. Mimi nimesomea ualimu, siamini hivyo, na kuna mfano. Mwaka 1967, katika jiji la New York, mwalimu mmoja wa elimu ya nafsi, Morton Bard, alichukua askari 18 wa zamu, weusi 9 na weupe 9. Kazi yao ingekuwa kwenda nyumba zenye ugomvi wa mume na mke, kazi ambayo kila askari huichukia, maana mara nyingi wote wawili humgeukia yeye. Aliwafunza kwa mwezi mmoja. Wachezaji wa tamthilia waliigiza ugomvi wa nyumbani usio na mwisho, na askari wawili wawili waliingia ndani na kuumaliza wenyewe, wenzao wakitazama na kukosoa. Walijifunza kumtenga mume na mke, kila mmoja na askari wake, kuketi badala ya kusimama juu ya watu, kuvua kofia, kunyamaza. Katika muda wa jaribio lile hakuna hata mmoja wa wale 18 aliyejeruhiwa katika kazi hiyo. Mauaji ya nyumbani hayakuisha katika mtaa ule, tusidanganyane; lakini kuna la kujifunza hapo, na halikuhitaji mtambo wowote.

Mfano wa pili wanigusa zaidi. Mwaka 1987, mjini Memphis, mama mmoja alipiga simu polisi kuomba msaada: mwanawe, mgonjwa wa akili, alikuwa akijikatakata kwa kisu. Askari walifika, wakamwamuru aweke kisu chini, hakutii, wakampiga risasi akafa. Mama aliomba msaada, akaletewa msiba. Mwaka uliofuata polisi wa mji ule, pamoja na chama cha familia za wagonjwa na walimu wa vyuo, walianzisha mafunzo ya saa 40 kwa askari wajitoleao: namna ya kusema polepole, kusimama mbali, mtu mmoja tu aseme, kutoona haya kungoja. Miji mingi ya Marekani imeiga. Nasi katika vijiji vyetu tunao ndugu wenye ugonjwa wa akili. Wengine twawafunga kamba. Ni nani kati yetu angeweza kumwita askari bila kuogopa?

Wala si polisi peke yao. Wenzangu wa Mollo, tuna gereza jirani, na mmewaona wafungwa wakienda shambani, askari magereza nyuma yao. Yule mtu mwenye bunduki hukaa na watu wenye uchungu asubuhi mpaka jioni, siku zote za mwaka. Amefundishwa kuhesabu watu na kulinda. Namna ya kumjua mfungwa ambaye siku tatu hali chakula kwa kuwa mkewe ameacha kuja, sharti aijue kwa moyo wake. Na siyo kwamba hawapo waijuao. Mmoja wao, Mkatoliki mwenzetu, aliniambia hivi: "Mfungwa akinyamaza ghafla, mimi humpa kazi karibu nami, nimuulize habari za kwao." Hakuna aliyemwamuru.

Sheria nayo ipo upande huu. Katiba yetu yakataza mtu kuteswa au kudhalilishwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai yataka aliye chini ya ulinzi atendewe kwa utu, na mwanamke apekuliwe na mwanamke. Isipokuwa kwa makosa mazito kama mauaji, mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kama yawezekana, au aachwe kwa dhamana. Ukiona hayafuatwi, usipige kelele kaunta. Mwone mkuu wa kituo, kisha mkuu wa polisi wa wilaya, na ikibidi Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Andika tarehe na saa. Asiyejua kuandika aje ofisini kwangu, sitozi kitu.

Wazazi, nanyi nina neno kwenu. Polisi huwapokea vijana wetu wakiwa watu wazima. Moshi wana miezi michache tu, nasi tumekaa nao miaka karibu 20. Mtoto wa kiume aliyeambiwa tangu utoto kwamba mwanamume halii, aliyezoea kuona neno la mama likijibiwa kwa kofi, atapanga mstari vizuri sana katika gwaride. Kisha atapangiwa kituo chetu.

Jumamosi kijana alirudi kama nilivyomwambia. Nilimsimulia habari ya Nyololo. Alipozaliwa yeye na kukua hata kuelewa habari, mambo hayo yalikuwa yamekwisha pita. Alikaa kimya kitambo. Nikamwuliza tena habari ya mlevi mnadani.

"Karani, kusema kweli nitaumia. Ni mama yangu."

"Ndiyo, utaumia. Halafu?"

"Labda nimwambie mwenzangu amshughulikie yeye, mimi nisogee pembeni kidogo."

Nikachukua kalamu. Niliandika kwamba namfahamu, ni mwimbaji wa kwaya, mchapa kazi, na kwamba akiulizwa swali gumu hukubali kufikiri mara ya pili. Akapanda bodaboda kwenda Sumbawanga kupeleka bahasha.