Bangili, Deni na Ubao wa Kusomea



Siku moja baada ya sala ya Alasiri, alitujia mama mmoja akiwa na bangili ya dhahabu aliyoifunga ndani ya leso. Binti yake ameitwa chuo kikuu kusomea ualimu, naye ahitaji kishikwambi, chombo ambacho vijana wetu hukiita tableti. Dukani alionyeshwa njia mbili: alipe taslimu, au akichukue siku hiyo hiyo na kukilipa kidogo kidogo kila siku kwa mwaka mzima. Akatuuliza, "Shekhe, niuze bangili ya mahari yangu, au niingie deni?"

Tulijua si yeye peke yake aliye na swali hilo. Kila mwaka majina ya wanaoitwa vyuoni yatokapo, nyumba nyingi za kwetu huwa na furaha sebuleni na hesabu ngumu chumbani.

Chombo chenyewe si kigeni kwetu kama kinavyodhaniwa. Wazee wetu walijifunza herufi chuoni juu ya ubao, wakiuandika kwa wino, wakiuhifadhi, kisha wakiuosha ili kuandika somo jipya. Waarabu nao wamekipa kishikwambi jina litokanalo na lauhi, yaani ubao huo huo. Kilichobadilika ni bei, na wingi wa yale yawezayo kumpotezea msomaji wakati wake.

Nasi hatusemi kama watu wasiopata kukosea. Mwanetu alipokwenda chuo tulimnunulia kishikwambi cha inchi 7 kwa sababu kilikuwa rahisi. Vitabu na maelezo ya wahadhiri hutolewa katika kurasa za A4, ambazo kutoka pembe hadi pembe ni inchi 14 na ushei. Zikibanwa katika kioo cha inchi 7, herufi huwa kama punje za ufuta. Ikawa kila mstari ausukume kulia na kushoto. Muhula haukwisha ila chombo kimewekwa kabatini, na fedha zetu nacho.

Basi kwa anayesoma vitabu vya chuo, kioo kisipungue inchi 10. Nafasi ya kuhifadhia isiwe chini ya GB 64, kwani sehemu yake huliwa na mfumo wenyewe, na iwepo tundu la kadi ya kuongezea. Kitabu hakichukui nafasi kubwa. Mihadhara ya video ndiyo ijazayo. Fungueni vilevile maandishi ya Kiarabu hapo hapo dukani, muone kama herufi zaungana sawasawa.

Viko pia vyombo vya kusomea tu, kama Kindle na Kobo, ambavyo kurasa zake hufanana na karatasi na chaji yake hudumu kwa wiki kadhaa. Ni raha kwa macho ya msomaji wa riwaya na tafsiri. Lakini hufungua kurasa polepole na havifai kwa mihadhara ya video, kwa hivyo haviwezi kuwa chombo pekee cha mwanafunzi. Na anayesomea uhandisi au kuandika programu za kompyuta, aulize kwanza wanafunzi waliomtangulia; huenda kipakatalishi kilichotumika kikamfaa kuliko kishikwambi kipya.

Mkinunua kilichotumika, hakikisheni mwenyewe wa kwanza ameiondoa akaunti yake mbele yenu, la sivyo mtarudi nyumbani na kioo kilichofungwa. Ulizeni kama mfumo wake ungali ukipokea masasisho, kwa maana programu nyingi hukataa mifumo iliyozeeka. Kisha daini risiti.

Tukirudi kwa swali la mama, tulimuuliza, "Jumla ya malipo ya mwaka ni kiasi gani?" Hakujua, alikuwa ametajiwa ya siku tu. Shilingi 100 kwa siku ni maneno mepesi mdomoni, lakini kwa siku 365 ni shilingi 36,500, mbali na malipo ya kutangulia. Wanazuoni wengi wamejuzisha bei ya mkopo kuzidi bei ya taslimu, kwa sharti kwamba bei moja ikatwe kabla ya kuachana, wala isiongezeke mnunuzi akichelewa. Nyongeza ya kuchelewa ndiyo mlango wa riba. Wala msisahau kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yazungumzia kuandikiana deni. Basi someni mkataba wote kabla ya kutia sahihi.

Jambo la pili, vyombo vingi vya namna hiyo hujifunga malipo yakikatika. Tulimwomba mama afikirie binti yake yuko bwenini, juma la mitihani, na vitabu vyake vyote vimo ndani ya kioo kisichofunguka kwa sababu biashara ya mahamri haikuenda vyema siku tatu.

Mama alinyamaza kitambo, kisha akaifunga tena leso yake. "Bangili na iende, Shekhe," akasema, "kuliko uende usingizi wangu." Alikwenda kwa sonara, ikapimwa, akapata kishikwambi cha inchi 10 kilichotumika, na ikabaki akiba ya nauli. Binti naye ameahidi kwamba mshahara wake wa kwanza utarudi mkononi mwa mamake ukiwa dhahabu.

Wazazi wenzetu, wahyi wa kwanza ulianza kwa amri ya kusoma. Tuwape watoto wetu chombo cha kusomea, lakini tukipate kwa halali na kwa hesabu. Mwenyezi Mungu awaruzuku elimu yenye manufaa, na ailipe mikono ya akina mama iliyobaki bila bangili. Amin.