Usiudhike ukihojiwa kabla ya MRI

Wagonjwa ninaowatuma kupigwa picha ya MRI hulalamika kwamba mtaalamu wa mashine huwauliza maswali mengi mno. Msimkasirikie. Mashine hiyo haitumii eksirei bali sumaku kali, ambayo huvuta usiku na mchana hata kama hakuna mgonjwa ndani. Mnamo Julai 2001, katika jimbo la New York, Marekani, mtungi wa oksijeni ulioingizwa chumbani ulivutwa na sumaku ukamgonga mtoto wa miaka 6, akafa.

Kwa hivyo mwambie ukweli. Je, una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo? Umewahi kupigwa risasi? Nanyi mafundi wa jua kali, chembe ya chuma iliwahi kuwaingia jichoni? Aibu ya kujibu huisha, jicho halirudi.