Umefungua poti kwenye ruta lakini kamera ya nyumbani bado haionekani? Angalia namba hii kwanza

Kamera zimefungwa, DVR inawaka, na mwenye nyumba akiwa sebuleni picha inaonekana vizuri kabisa kwenye simu. Akifika kazini anafungua tena, anakuta skrini nyeusi. Fundi anarudi, anaingia kwenye mipangilio ya ruta, anafungua poti, anaizima na kuiwasha mara tatu, bado. Mwisho inalaumiwa ruta, na inanunuliwa nyingine.

Mara nyingi ruta haina kosa lolote. Tatizo liko kwa mtoa huduma wa intaneti, na kuligundua ni kazi ya dakika mbili.

Vifaa vyote vya nyumbani, kuanzia simu hadi DVR, hupewa na ruta anwani za ndani, mfano 192.168.1.5. Huko nje anwani hizo hazionekani. Nyumba nzima inajulikana kwa anwani moja tu ya IP. Ombi likija kutoka nje, ruta haijui ilipeleke kwenye kifaa kipi, kwa hiyo inalitupa. Kufungua poti ni kuiambia: chochote kitakachobisha namba 8000, kipeleke kwenye DVR. Kwenye ruta nyingi sehemu hiyo imeandikwa "Port Forwarding" au "Virtual Server".

Sasa, hilo linawezekana tu kama anwani ya nje ni ya ruta yako peke yake. Na wengi hawana anwani ya peke yao.

Anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na Februari 2011 IANA, inayosimamia ugawaji wake, ilitoa mafungu ya mwisho. Watoa huduma wengi wakaamua kuwaweka wateja kibao nyuma ya anwani moja, mpango unaoitwa CGNAT. Mwaka 2012 mpango huo ulitengewa anwani zake, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Intaneti inayotumia laini ya simu mara nyingi iko hivi. Ukiwa WhatsApp au YouTube huwezi kugundua, kwa sababu mawasiliano yanaanzia ndani. Kinachokwama ni kile kinachoanzia nje kuja ndani, na ndo hapo kamera inapogoma.

Kupima ni rahisi. Simu ikiwa kwenye waifai ya nyumbani, fungua 192.168.1.1 au 192.168.0.1 (anwani sahihi huwa imebandikwa chini ya ruta), ingia, kisha kwenye "Status" soma anwani ya WAN. Halafu ingia kwenye tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako. Ukiona herufi zimechanganyika na namba, hiyo ni IPv6. Tafuta tovuti inayoonyesha IPv4. Kama una VPN, izime kwanza.

Namba mbili zisipofanana, kufungua poti hapo ni kupoteza muda. WAN ikianza na 192.168, huenda kuna ruta mbili nyumbani, ya mtoa huduma na uliyonunua mwenyewe, zimeunganishwa moja nyuma ya nyingine. Iweke yako kwenye "Access Point", kisha fungua poti kwenye ile ya kwanza. Ikiangukia kati ya 100.64 na 100.127, hiyo ni CGNAT.

Zikifanana lakini picha haiji, angalia kama DVR imebadilishiwa anwani ya ndani, jambo linaloweza kutokea umeme ukikatika na kurudi. Ifungie anwani moja kwenye mipangilio ya DHCP. Na ujaribu kwa bando la simu, si kwa waifai ileile ya nyumbani.

Mwenye CGNAT bado ana njia. App ya kampuni ya kamera, ile ya kuskani QR, hufanya kazi kwa sababu kamera yenyewe ndiyo inayopiga simu kwenda nje. Unaweza pia kumwomba mtoa huduma anwani ya umma, ambayo mara nyingi hulipiwa, au kutumia VPN kama Tailscale kwenye kompyuta inayobaki imewashwa nyumbani.

Kitu cha kukataa ni fundi akikwama kisha akaiweka DVR kwenye "DMZ". Hapo poti zote zinafunguliwa kwa mpigo. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera, DVR na ruta nyingi kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, na Oktoba 21 mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, hadi Twitter na Netflix zikasumbua.

Kwa hiyo nywila ya DVR ibadilishwe kabla ya poti yoyote kufunguliwa. Na ukishahamia kwenye app, rudi kwenye ruta ufute zile poti ambazo fundi aliziacha wazi.