Masaa ya nyongeza: nani wa kwanza, nani wa mwisho?

Ndugu mfanyakazi, nawe mama unayemngojea nyumbani,

Katika dispanseri tunapokea mara kwa mara mashofere wa kamyo wenye malalamiko yaleyale: kichwa kinauma, macho yanawaka, moyo unapiga mbio. Tunawapima, kisha tunauliza: «Baba, jana ulilala masaa mangapi?» Mara nyingi jibu ni hili: «Dokta, nilikuwa na masaa ya nyongeza.» Tukiuliza tena ni nani aliyempa masaa hayo, tunapata majibu ya namna mbili. Mzee wa kazi anasema: «Niliyaomba mwenyewe, watoto wanasoma.» Kijana anasema: «Sikuwa na njia. Mimi ni mgeni kazini.»

Majibu hayo mawili yanatuonyesha neno moja ambalo wengi hawalihesabu kuwa neno la afya. Ni utaratibu wa kugawa masaa ya nyongeza: nani anaitwa kwanza, nani anashurutishwa mwisho, na ansienete inafanya kazi gani katika mambo hayo. Leo tutaeleza kwa mfano wa mashofere wanaopeleka vifurushi nyumba kwa nyumba huko Marekani. Tumechagua mfano huo kwa sababu kule utaratibu umeandikwa wazi katika mapatano ya sendika, na mtu anaweza kuona faida yake na hatari yake.

Ansienete ni nini?

Kompani ya UPS ilianza katika mji wa Seattle mwaka 1907. Mashofere wake wamo katika sendika ya Teamsters, iliyoanzishwa mwaka 1903. Mwaka 1997 wafanyakazi 185 000 wa kompani hiyo waligoma kwa siku 15. Mapatano ya mwaka 2023, ya miaka 5, yaliwahusu wafanyakazi karibu 340 000.

Katika kila kituo kuna orodha ya mashofere. Aliyeingia kwanza katika kazi ya ushofere wa siku nzima yuko juu, aliyeingia jana yuko chini. Tarehe ndiyo inayoamua. Haiulizwi mtu ni wa kabila gani, wala kama shefu anampenda. Kwa orodha hiyo mashofere wanachagua njia watakazopita, wanachagua wiki zao za konje, na mahali pengi ndiyo inayotumika kugawa kazi ya nyongeza.

Kwa nini sendika zilipenda utaratibu huu? Kwa sababu pasipo orodha, shefu ndiye anayegawa. Anayempelekea kuku anapata masaa mazuri. Anayesema kweli anapata masaa mabaya. Tarehe ya kuingia kazini haipokei zawadi.

Namna inavyofanya kazi

Tuseme kituo kina mashofere 10. Nambari 1 ndiye mzee wa kazi, nambari 10 ndiye mgeni. Jumamosi wanahitajiwa watu 3 kwa kazi ya nyongeza.

Kwanza, wanaulizwa wanaotaka, kuanzia juu kwenda chini. Nambari 1 anakubali, kwa sababu malipo ni mazuri. Nambari 2 anakataa. Nambari 3 anakataa. Nambari 4 anakubali. Wengine wote wanakataa. Amekosekana mtu mmoja.

Pili, sasa orodha inageuzwa. Wanaanza chini kwenda juu, na hapa hawaulizi tena, wanaamuru. Nambari 10 atakwenda, apende asipende.

Angalia vizuri, ndugu msomaji. Ansienete inampa mzee haki mbili: haki ya kupata akitaka, na haki ya kukataa asipotaka. Kwa kijana ni kinyume: masaa yakiwa matamu yanaishia juu, yakiwa machungu yanashuka mpaka kwake. Jumamosi inayofuata ni yeye tena, na nyingine ni yeye tena, mpaka siku atakapoingia mgeni mwingine chini yake.

Posta ya Marekani ina utaratibu wake. Huko wafanyakazi wanaotaka masaa ya nyongeza wanaandika majina yao kila miezi 3. Kwa wale wanaopeleka barua nyumbani, shefu anapaswa kugawa masaa hayo kwa usawa kati ya walioandika majina, wala si kumpa mzee kwanza. Watu wakikosekana, asiyeandika jina anaweza kushurutishwa: wanaanza na mgeni wa kazi, lakini baadaye zamu inazunguka kwa wengine. Kwa hiyo mgeni anabeba mzigo wa kwanza, lakini habebi peke yake kila siku.

Mwili haujui ansienete

Sasa tunafika mahali pa afya. Orodha inasema nani atafanya kazi. Haisemi mtu anaweza kuvumilia masaa mangapi. Hayo ni maswali mawili mbalimbali, na hatari inakuja watu wanapofikiri ni moja.

Sheria ya kazi ya Marekani ya mwaka 1938 inaamuru kwamba baada ya saa 40 kwa wiki, kila saa ilipwe mara moja na nusu. Lakini haimkatazi mkubwa wa kazi kumwongezea mtu mzima masaa. Inafanya masaa yawe ghali tu. Ndiyo maana ilibidi kuweka mipaka mingine:

1. Kwa shofere wa gari kubwa la kazi linalobeba mizigo kati ya majimbo, sheria ya barabara inasema: asiendeshe zaidi ya saa 11, tena ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, na kabla ya hapo awe amepumzika saa 10 mfululizo. Sheria hiyo haiulizi ana miaka mingapi ya kazi.

2. Posta imeweka mwisho wa saa 12 kwa siku na saa 60 kwa wiki kwa wale walioandika majina yao.

3. Katika UPS, shofere anaweza kuomba jina lake liandikwe kati ya wale wasiotaka siku ndefu. Akifanyizwa kazi zaidi ya saa 9 na nusu kwa siku 3 katika wiki moja, ana haki ya kupeleka malalamiko, na masaa yaliyozidi yanaweza kulipwa mara 3.

4. Mapatano ya mwaka 2023 yalikomesha kumshurutisha shofere kufanya kazi siku yake ya mapumziko. Pia yaliondoa kundi la mashofere lililoundwa na mapatano ya mwaka 2018, lenye malipo ya chini kuliko wenzao.

Kwa nini mipaka hii ni ya lazima? Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anaendesha na kufikiri kama mtu aliyekwisha kunywa pombe. Macho yake yanaweza kuwa wazi, lakini ubongo unalala kwa nukta chache. Kamyo inayokwenda kilomita 60 kwa saa inapita karibu metre 17 kwa nukta moja. Ukilala nukta 3, umepita metre 50 bila dereva. Saa mbaya kuliko zote ni kati ya usiku wa manane na alfajiri, maana hapo mwili unataka kulala hata kama mfuko unataka franga.

Huo ndio msiba wa kijana, nambari 10. Lakini mzee naye, nambari 1, ana msiba wake. Yeye hashurutishwi na mtu; anashurutishwa na mahitaji. Anachukua kila masaa yanayotolewa, maana ni haki yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni pamoja na Shirika la Kazi Ulimwenguni walitangaza kwamba wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kupooza kwa ubongo iliyozidi kwa 35 %, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyozidi kwa 17 %, kuliko wanaofanya saa 35 mpaka 40. Mtu wa miaka 50 mwenye mkazo wa damu, anayejaza masaa ya nyongeza kila wiki, anatumia haki yake kujichimbia kaburi.

Na sisi huku?

Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaweka saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Yanayozidi hapo ni masaa ya nyongeza. Saa 6 za kwanza za wiki zinaongezwa 30 %, zinazofuata 60 %, na kazi ya siku ya mapumziko ya wiki 100 %. Tuchukue mfano wa kuhesabu tu. Ukiwa unapata franga 1 000 kwa saa, na umefanya saa 53 katika wiki, hesabu yako ni hii: 45 000 za kawaida, 7 800 za saa 6, na 3 200 za saa 2 za mwisho. Jumla 56 000. Chukua karatasi yako ya malipo ulinganishe.

Ansienete nayo inaheshimiwa katika sheria yetu: kwa kila miaka 5 ya kazi, konje inaongezwa siku moja. Angalia, hapo ansienete inaleta mapumziko, haileti uchovu. Kuhusu nani anaitwa kwanza kwa masaa ya nyongeza, muulize delege wako wa sendika namna ilivyoandikwa katika mapatano ya kompani yako. Kama hakuna maandishi, ni neno la kupeleka mkutanoni, tena kwa maswali mawili pamoja: «Nani ataitwa?» na «Mwisho ni masaa mangapi?» Delege anayeuliza la kwanza tu amelinda franga za watu, hajalinda roho zao.

Mashauri yetu

Kwa kijana: ukishurutishwa posti ya pili nawe unasinzia, mwambie shefu kabla ya kupanda garini, si baada ya ajali. Si uvivu. Kahawa na tumbaku haviondoi usingizi, vinauficha tu. Ukianza kusahau kilomita ulizopita, simamisha kamyo mahali salama na useme kwa radio.

Kwa mzee wa kazi: pima mkazo wa damu katika dispanseri kabla ya kuandika jina lako. Umekwisha kupata haki ya kukataa; uitumie mara kwa mara. Na ukiona mgeni ameitwa Jumamosi tatu mfululizo, chukua moja badala yake. Nawe ulikuwa nambari 10.

Kwa shefu: daftari ionyeshe si majina tu, bali na masaa aliyokwisha kufanya kila mtu tangu Jumatatu. Aliyetoka posti ya usiku asiandikwe tena asubuhi, hata kama anaomba.

Kwa mama: baba akirudi kutoka usiku, mpe bukari, funga dirisha, watume watoto wacheze mbali. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Na mkipanga matumizi ya mwezi, msihesabu masaa ya nyongeza kama mshahara. Familia inayokula masaa ya nyongeza kila siku inamlazimisha baba asipumzike kamwe, na hapo hata sendika yenye nguvu haiwezi kumsaidia.

Orodha ya kazi inaweza kukuweka juu au chini. Usingizi unawashika wote sawasawa, mzee na mgeni. Kabla ya kusema «ndiyo» kwa masaa ya nyongeza, jiulize jana ulilala masaa mangapi. Ukishindwa kukumbuka, usipande garini. Pita kwanza kwetu katika dispanseri.

Msaidizi wa mganga