Kijana wa Tawa na ndoto ya ufundi ng'ambo: Cheti gani, malipo gani?

KATIKA vituo vingi vya biashara vya Ukambani, Tawa ikiwemo, kijana aliyemaliza kidato cha nne bila alama za kuingia chuo kikuu huambiwa mambo mawili. Wazee humshauri ajifunze ufundi. Mawakala humwambia ufundi huo ukajifunzwe ng'ambo, na kwamba mshahara wake utamjengea mama nyumba ya mawe. Ushauri wa kwanza ni wa kale na una mashiko. Wa pili una ukweli ndani yake, lakini umefungwa pamoja na maneno yasiyo kweli, na familia nyingi huuza ng'ombe au kipande cha shamba kabla ya kuvitenganisha.

Kwenda mbali kutafuta ujuzi si jambo geni kwa Wakamba. Mutisya Munge wa Wamunyu, katika kaunti jirani ya Machakos, alijifunza kuchonga vinyago kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliporejea nyumbani, ufundi huo ulienea hadi ukawa kazi ya maelfu ya watu. Yeye hakuhitaji viza wala cheti. Kijana wa leo anahitaji vyote viwili, na hapo ndipo safari nyingi hukwama.

Mlango unaotajwa sana siku hizi ni Ujerumani. Mnamo Septemba 13, 2024 serikali za Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba kuhusu uhamiaji wa wafanyakazi, mbele ya Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz. Habari zilienea upesi kwamba nafasi 250,000 zilikuwa zimetengewa Wakenya. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha idadi hiyo ikisema mkataba hauna kiwango chochote. Mkataba hauajiri mtu. Humrahisishia njia yule aliyetimiza masharti ya sheria za Ujerumani.

Masharti hayo ni yapi? Kwa asiye na ujuzi, njia ya kawaida ni uanagenzi. Mwanagenzi hutia saini mkataba na kampuni, akafanya kazi humo siku kadhaa za juma na kuhudhuria chuo siku nyingine, kwa miaka miwili hadi mitatu na nusu. Hapa pana tofauti ambayo wengi hawaijui: mafunzo ya aina hii hayatozwi karo, bali mwanafunzi ndiye hulipwa. Kwa mikataba iliyoanza mwaka 2025, kima cha chini kisheria kilikuwa yuro 682 kwa mwezi mwaka wa kwanza, 805 mwaka wa pili na 921 mwaka wa tatu.

Yuro 682 ni karibu Sh100,000, na fedha hizo zikitajwa Tawa humeta kama dhahabu. Kwa kulinganisha, amri ya mishahara ya Kenya iliyoanza kutumika Novemba 1, 2024 iliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida kuwa zaidi ya Sh16,000 jijini Nairobi, na takriban Sh8,600 nje ya miji mikubwa. Hata hivyo, mwanagenzi hula, hulala na kusafiri kwa bei za Ujerumani, na bima hukatwa kabla fedha hazijamfikia. Atakayetarajia kutuma nusu nyumbani mwaka wa kwanza atajidanganya. Faida huja baadaye, anapohitimu na kuruhusiwa kubaki akifanya kazi kama fundi kamili.

Kikwazo kikubwa ni lugha. Kwa kawaida mwanagenzi hutakiwa kufikia kiwango cha B1 cha Kijerumani. Taasisi ya Goethe iko Nairobi, haiko Mbooni. Kwa hiyo mzazi huhesabu karo ya lugha, kisha kodi ya chumba na chakula cha mtoto jijini kwa miezi mingi. Gharama hii ndiyo mawakala huipitia kimya kimya.

Fundi ambaye tayari amesoma ana njia nyingine. Tangu Machi 2024, Ujerumani humruhusu kuingia kazini huku cheti chake kikiendelea kukaguliwa, mradi ana mwajiri, Kijerumani cha A2, na mafunzo ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na serikali ya kwao. Miaka hiyo miwili ndiyo huwachuja mafundi wa jua kali. Mtu anaweza kuchomelea vyuma kwa ustadi wa miaka kumi, lakini cheti cha mtihani wa siku chache, hata kikiwa halali nchini, hakithibitishi muda wa masomo. Ndiyo maana chuo cha ufundi cha karibu, kama kile cha Wote, kina uzito kuliko kinavyodhaniwa. Ngazi ya fundi stadi haidai alama kubwa za KCSE. Cheti cha juu yake huhitaji D, na stashahada C-.

Kanada ni habari nyingine. Huko mwanafunzi wa kigeni hujilipia karo, na tangu Septemba 1, 2025 lazima aonyeshe dola 22,895 za Kanada za matumizi ya mwaka mmoja, mbali na karo na nauli. Isitoshe, kusomea ufundi chuoni hakumfanyi mtu kuwa mwanagenzi. Uanagenzi wa huko hufanyika zaidi kazini, kwa mwajiri. Familia isiyo na mamilioni ya shilingi haina haja ya kupoteza usingizi kwa njia hii.

Mnamo 2023 wazazi waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha walizolipa ili watoto wao wakasome Finland na Kanada kupitia mpango wa Kaunti ya Uasin Gishu. Kosa lao lilikuwa kulipa kwanza. Katika uanagenzi wa Ujerumani mpangilio ni kinyume: mkataba wenye jina la kampuni hutangulia, viza hufuata, nauli huwa ya mwisho. Wakala anayedai laki kadhaa kabla ya kuonyesha mkataba huo aulizwe nambari yake ya usajili katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na nambari hiyo ikaguliwe huko huko kabla ng'ombe hajatoka zizini.