Matumbawe ya Malindi na Udongo wa Milimani

Watu wa Kisii na Nyamira ni wakulima hodari, na hilo halihitaji shahidi. Aingiaye Gusii mara ya kwanza macho yake hayapati mahali pa kupumzikia: kilima hata kilima ni migomba, chai, mahindi na nyumba za watu, na shamba la huyu halijakwisha la yule limekwisha anza. Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta Kisii watu 1,266,860, yaani 957 katika kila kilomita moja ya mraba. Nyamira walikuwa 605,576. Mnyama wa mwitu atalala wapi? Ndiyo maana nilipokuwa huko kwa mwaliko wa walimu wapendao mashairi, na mazungumzo yakaingia katika habari za hifadhi, kila aliyesema alitaja Maasai Mara. Nami nilipotaja Malindi, mzee mmoja akaniuliza, "Sasa, ndugu wa Mombasa, huko kwenu mnahifadhi nini? Samaki?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, kwani kwa mtu wa bara kila mtu wa pwani ni wa Mombasa.

Ni samaki, naam, lakini si samaki peke yao. Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968 kuwa mbuga za taifa za baharini, za kwanza katika Kenya, na mwaka 1979 shirika la UNESCO likaziingiza katika orodha yake ya hifadhi za viumbe za ulimwengu. Mbuga ya Malindi ni ndogo, kilomita za mraba sita na kidogo. Ya Watamu ni kama kumi. Ila zimezungukwa na eneo la akiba la kilomita za mraba 213, ambamo mvuvi wa mshipi na madema ana ruhusa yake. Ndani ya mipaka hiyo mna miamba ya matumbawe wanamokaa pono, kangaja na mkunga; mna nyasi za bahari, ambazo ndizo malisho ya kasa; mna fukwe za mchanga anapopanda kasa huyo usiku kutaga mayai; na upande wa Watamu liko hori la Mida, lenye mikoko, mikandaa, michu na mililana, ambako samaki wachanga hulelewa mizizini mpaka wapate nguvu za kutoka kwenda mwambani. Huwezi kukata mikoko ukatarajia mwamba ubaki na samaki wake.

Mwaka ule wa 1968 haukuwa wa furaha kwa kila mtu. Mvuvi aliyetega madema alipotega babake aliambiwa kuwa mahali pale sasa pana sheria, na mgeni aliyeshuka ndegeni jana aweza kuingia kwa tiketi kutazama samaki ambao yeye haruhusiwi kuwagusa. Tusilifunike jambo hilo. Lakini samaki walilindika, na mipaka iliyochorwa juu ya maji iliweza kuwazuia watu wa nyavu.

Kuna kitu kimoja ambacho mipaka ile haikuweza kukizuia, nacho ni udongo.

Kaskazini kidogo ya mji wa Malindi unaingia baharini mto Sabaki. Mto huu una majina matatu. Huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukapita Ukambani, ukachanganyika na mto Tsavo ukaitwa Galana, na ufikapo kwetu ndio Sabaki. Miezi ya kusi bahari huyasukuma maji yake kuelekea Ngomeni, na Malindi hupumua. Lakini kaskazi ianzapo kuvuma, wakati mvua za vuli zimekwisha kuusomba udongo wa bara, tope lote hugeuka kusini likaingia ghuba ya Malindi. Bahari inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Ufuo wa Malindi wenyewe umepanuka kwa mchanga na matope hayo, hata majengo yaliyojengwa kando ya maji sasa yanayatazama maji kwa mbali.

Tumbawe si jiwe, ingawa mkono ukilishika husema ni jiwe. Ni kiumbe hai, na ndani yake huishi mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho, ambayo humlisha kwa nguvu ya mwanga wa jua. Tope likitanda, mwanga hupungua. Likimfunika, hana budi kutumia nguvu zake kujisafisha badala ya kukua. Na kila mwaka tumbawe hujiongezea tabaka, kama mti ujiongezeavyo duara ndani ya shina.

Hapo ndipo penye habari ambayo kila mkulima wa Kenya angepaswa kuisikia. Mwaka 2007 wataalamu walichapisha uchunguzi wa tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka kama 300. Walilitoboa, wakalisoma tabaka kwa tabaka, wakapima madini ya bariamu, ambayo huja na udongo wa mtoni. Karani yule hakupokea mshahara wala hakupendelea mtu. Tangu 1700 mpaka 1900 hesabu yake ni karibu ileile moja. Kuanzia 1900, siku za ukoloni na kufyekwa kwa ardhi mpya, udongo unaanza kupanda, na haushuki. Kilele kiko kati ya 1974 na 1980: ukame mkali, misitu imekatwa, ardhi imelimwa ovyo, na tope likawa mara tano hata mara kumi ya lile la asili.

Itazame miaka hiyo vizuri. Mwaka 1974 mbuga ilikuwa na umri wa miaka sita, ina sheria yake na askari wake. Tope lilipita mbele yao bila tiketi.

Haki ya matumbawe nayo isemwe: waliopima katika miaka ya 1990 waliyakuta ya Malindi ni mastahimilivu kuliko walivyotazamia, kwani aina zisizochukia tope zilikuwa zimeshika nafasi. Kisha ukaja mwaka 1998 na joto la El Niño, mengi yakageuka meupe yakafa. Aliyekwisha choshwa na tope hana nguvu nyingi za kupambana na joto.

Maji ya Gusii hayaji Malindi. Mto Gucha huanzia vilima vya Kiabonyoru huko Nyamira, ukapita Kisii, ukaungana na mto Migori na kuingia Ziwa Victoria. Lakini ziwa nalo lina pwani, na pwani ile ina mafunjo yake na mazalio yake ya samaki. Na mabonde ya Nyamira yenye maji, yaliyokuwa yakichuja udongo kabla haujashika mto, leo mengi yamechimbwa matofali au kupandwa mikaratusi. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi ing'olewe kando ya mito na chemchemi. Mingine ilikatwa, na mkaratusi, kama ajuavyo kila mkulima, ukikatwa huchipuka.

Mimi si miongoni mwa wanaomtukana mfyatua matofali. Mwenye robo eka na karo ya watoto watatu hawezi kuambiwa aache bonde kwa ajili ya samaki asiyemla. Wala sijasikia hoteli ya Malindi iliyompelekea mkulima wa Machakos hata shilingi moja kwa udongo alioushika shambani mwake.

Naye wa Machakos aliushika. Tangu miaka ya 1930 hadi 1990 watu wa huko waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ukapungua, kwa sababu walichimba matuta. Mtindo wao mmoja unaitwa "fanya juu", na vitabu vya kilimo vya ulimwengu vinautaja kwa jina hilohilo la Kiswahili: unachimba mtaro ukikingama mteremko, udongo unautupa upande wa juu, unapanda majani ya ng'ombe juu ya tuta, na baada ya miaka kadhaa shamba linalala sawa. Mteremko wa chai hauhitaji sana kazi hiyo, maana chai iliyoshikana huufunika udongo wenyewe. Ni kwenye mahindi, na pale bondeni chini yake, ndiko jembe linakohitajika kwanza. Na shimo la matofali likishajaa maji halitoi tena tofali wala hindi.