Pombe ya Ndizi katika Nchi ya Buganda

Mvinyo mwekundu wa Ufaransa unapatikana Kampala, lakini mpaka ufike mezani umekwisha kuvuka bahari hadi Mombasa, ukasafirishwa kwa barabara zaidi ya kilomita 1,100 na kutozwa ushuru, hata mnunuzi hulipia safari na jina la chupa kuliko ladha yenyewe. Huko Ufaransa kwenyewe, wanywaji wenye ujuzi wanaotaka mvinyo mzuri kwa bei ya wastani huyapa kisogo majina makubwa ya Bordeaux na Burgundy, wakatafuta mvinyo wa Cahors au wa Languedoc, ambako sifa ni ndogo kuliko ubora. Mgeni atakayefuata busara hiyo nchini Uganda hatahitaji zabibu hata moja, kwa kuwa kinywaji kinachozidi bei yake katika nchi hiyo hutoka kwenye mgomba, nacho ni pombe ambayo Waganda huiita omwenge na ambayo mitaani hujulikana zaidi kwa jina la tonto.

Nchi ya Buganda, iliyotanda kaskazini na magharibi mwa Ziwa Viktoria, hupata mvua katika misimu miwili ya mwaka, na kwa sababu hiyo shamba la migomba likitunzwa vizuri huweza kuzaa kwa miongo mingi bila kupandwa upya. Ndizi za kupika, yaani matooke, ndizo zinazojulikana na wageni. Zile za pombe, ziitwazo mbidde, hazijulikani sana, ingawa ni ndugu wa karibu wa matooke na jicho lisilozoea haliwezi kuzitenganisha. Tofauti hutambuliwa na ulimi, kwani nyama ya mbidde ina tanini, ambayo ndiyo inayoleta ukakasi mdomoni, na ni tanini hiyohiyo inayowafanya watu wa Ulaya wausifu mvinyo wao mwekundu.

Mikungu ya mbidde iliyokomaa hufukiwa ndani ya shimo lililotandikwa majani ya migomba na kutiwa joto, ikakaa humo siku kadhaa hadi iive. Ndizi zikishamenywa hutiwa katika hori refu la mti lililochongwa mithili ya mtumbwi, zikachanganywa na nyasi, kisha wanaume huzikanyaga kwa miguu mpaka juisi ijitenge na makapi. Juisi hiyo, ambayo haijachacha na hunywewa hata na watoto, huitwa omubisi. Baada ya kuchujwa na kuongezwa maji, hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, ambao huisaidia kuchacha na kuipa rangi na harufu ya moshi, halafu hori hufunikwa kwa majani na kuachwa siku moja au mbili. Msomaji wa Bukoba ataitambua kazi hii mara moja, kwa sababu lubisi ya Wahaya hutengenezwa kwa njia inayokaribiana sana nayo, na Mchagga anayetumia ulezi katika mbege yake hayuko mbali.

Heshima ya pombe hii haijafutika. Katika kwanjula, sherehe ambayo bwana harusi mtarajiwa hutambulishwa kwa wakwe zake, vibuyu vya omwenge bado vina mahali pake miongoni mwa zawadi, hata pale ambapo wageni watakunywa bia za chupa. Kinachoishushia hadhi sokoni ni umri wake mfupi, kwani huendelea kuchacha na baada ya siku chache huwa kali na chungu, hivyo haiwezi kungoja rafuni dukani. Mnunuzi mwerevu huuliza kwanza ilifunuliwa lini, pili kama ni ya mbidde au ya kayinja, aina iliyoletwa kutoka nje ambayo hutoa juisi nyingi na tamu lakini, kwa maoni ya wazee wengi, isiyo na uzito wa mbidde. Na akihisi utamu wa sukari ya dukani, aache.

Kayinja yenyewe ilipata pigo kubwa baada ya mwaka 2001, ulipogunduliwa nchini ugonjwa wa mnyauko wa bakteria, ambao huenezwa na wadudu wanaotembelea ua la mgomba na pia na mapanga yasiyosafishwa. Wakulima hufundishwa kukata ua la kiume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, hatua ndogo iliyookoa mashamba mengi.

Kampala ina pia malwa, pombe ya ulezi yenye asili ya Teso, inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja huku maji ya moto yakiongezwa. Ni kinywaji cha mazungumzo marefu na gharama hugawanywa. Waragi ni jambo jingine. Pombe hiyo ya kunereka, binamu wa gongo na chang'aa, ilianza kuuzwa kihalali katika chupa za Uganda Waragi mwaka 1965, lakini ile ya vichochoroni iliua watu wengi huko Kabale mwaka 2010 kwa sababu ilikuwa na methanoli, yaani alkoholi yenye sumu ambayo hata ulimi wa mzoefu hauwezi kuitambua. Kwa hiyo anayetafuta unafuu abaki kwenye pombe isiyonerekwa, ambayo ikiharibika hujitangaza yenyewe kwa harufu.